Gari la Baba Lililo Juu ya Mawe

Na Mwandishi Wetu

Katika vijiji vingi vya nchi yetu, na hata katika nyua za nyumba za mjini, yamo magari ambayo yamesimama miaka mingi kuliko ile yaliyotembea. Mengine yamepandishwa juu ya mawe na magurudumu yake yakauzwa zamani. Mengine yameketi chini, tairi zimesinyaa, na nyasi zimeota mpaka kufikia taa. Watoto wameyafanya mabasi yao, akina mama wameyafanya ghala za magunia, na kuku hutagia katika kiti cha dereva. Mwenye gari akiulizwa hujibu kwa utulivu: "Hili si bovu, limesimama tu."

Jibu hilo si la kuchekwa. Gari bovu na gari lililosimama ni vitu viwili. La kwanza lilikwisha kabla ya kusimama. La pili lilisimama lingali na uhai, kwa kukosa spea moja, au tairi, au fedha za petroli. Hilo la pili laweza kutembea tena. Linalosikitisha ni kwamba gari la namna hiyo laweza kustahimili miaka 20 au 30 ya kukaa kimya, kisha likauawa siku ile ile ya kuamshwa, katika haraka ya nusu saa, vijana walipokuja likizo na betri mpya mkononi na dumu la petroli.

Tuchukue mfano wa familia moja ya Ilongero. Familia yenyewe ni ya kubuni, lakini msomaji hatakosa kuona humo sura za jamaa anaowafahamu. Ilongero ni makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Singida, kaskazini ya mji wa Singida, katika njia iendayo Haydom. Ni nchi kavu ya mtama, uwele, alizeti na vitunguu, yenye msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka. Nyuma ya nyumba, chini ya mwarobaini, imesimama Land Rover 109 ya petroli, toleo la tatu, ambayo mzee aliinunua katika miaka ya 1970 na kuiegesha mwishoni mwa miaka ya 1990. Ilisimama kwa sababu ya masta silinda ya breki. Mzee alisema ataleta nyingine baada ya mavuno. Mavuno yakaja, ada za shule nazo zikaja, na muda si muda magari madogo ya abiria kutoka Japani yakawa yanapita barabarani kila siku.

Sasa mzee amepita miaka 80, na watoto wamekusanyika nyumbani. Kijana mkubwa, afanyaye kazi kiwandani Dar es Salaam, ana shauri lake.

"Baba, watu wa vyuma chakavu wanapita hapa kila mara. Tuwape hili, tupate mabati ya kuezekea jiko."

Mzee hamjibu upesi. "Mwanangu, hiki unachokiita chuma chakavu ndicho kilichompeleka mama yako Haydom usiku, wewe ukiwa njiani kuja. Na mvua ilikuwa ikinyesha."

Binti yake, ambaye ni mwalimu mjini Singida, anataka gari lifufuliwe lakini anaogopa gharama. Kijana mdogo amesikia kwamba dawa ni kung'oa injini yote na kutia ya Kijapani. Mama, ambaye magunia yake ya alizeti ndiyo yaliyomo ndani ya gari, bado hajaulizwa na mtu.

Kwa nini yalisimama

Magari haya yalisimama kwa mawimbi mawili. Wimbi la kwanza ni la mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980. Bei ya mafuta ilipanda duniani mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979. Katikati yake Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, kisha vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vikameza fedha za kigeni. Wasomaji wa makamo watakumbuka foleni za petroli, na ile amri iliyozuia magari ya watu binafsi kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Siku hizo gari liliweza kusimama mwaka mzima likingoja kipande cha raba kisichozidi ukubwa wa shilingi. Mwaka 1984 Serikali iliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na spea zikaanza kuonekana tena madukani.

Wimbi la pili lilikuja kwa njia nyingine kabisa. Tangu miaka ya 1990 magari yaliyotumika yameingia kwa wingi kutoka Japani, yakayafanya yale ya Kiingereza, ya Kifaransa na ya Kijerumani yaonekane mizigo. Peugeot 404 na 504, Volkswagen ndogo zenye mgongo wa mviringo, Bedford za mizigo na Land Rover zikaegeshwa pembeni. Hayakufa, yalipitwa.

Kati ya hayo yote Land Rover ndiyo yenye bahati kubwa zaidi ya kufufuka, na sababu yake ni ya kale. Ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma cha pua baada ya vita, kwa hiyo bodi yake ilitengenezwa kwa mchanganyiko wa alumini. Alumini haili kutu kama chuma. Toleo la tatu, lililoanza mwaka 1971 na kukoma mwaka 1985, lilirithi bodi ya namna hiyo hiyo pamoja na injini ya silinda nne ya ujazo wa sentimita 2,286, ambayo haina kifaa hata kimoja cha kompyuta. Hiyo 109 ni idadi ya inchi kutoka katikati ya ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Kila kitu ndani yake huonekana kwa jicho, hufunguliwa kwa spana, na hueleweka kwa mtu mwenye subira. Tena wapenzi wake hawajaisha: tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha Oktoba 2024 lilikusanya mamia kwa mamia ya magari hayo, mapya na makuukuu.

Wala ukuukuu peke yake si ugonjwa. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya alishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, gari ambalo lilikuwa limetoka katika taabu za mashindano ya mwaka uliotangulia. Alilitengeneza upya, akawapita waliokuja na magari mapya.

Kikao kabla ya spana

Kabla ya kununua hata bolti moja, familia ikae ikubaliane gari litafanya kazi gani. Hili ndilo jambo linalosahauliwa kuliko yote. Land Rover 109 ya petroli, ikiwa nzima, huenda kilometa 5 au 6 tu kwa lita moja. Safari ya kilometa 60 itakula lita 10 au 12. Mtu anayedhani atalifanya gari hilo daladala apige hesabu hiyo kwa bei ya petroli ya leo, kisha atazame pikipiki na magari madogo yanayompita. Biashara hiyo haipo. Lakini gari la familia la kubebea magunia wakati wa mavuno, la kumpeleka mgonjwa usiku wakati ambapo hakuna usafiri mwingine, la kuvuka korongo lililojaa tope mwezi Februari, hilo lipo. Kama kazi yake ni hiyo, familia itajua pia ni kiasi gani kinachofaa kutumiwa, na mahali gani pa kukoma.

Kuhusu shauri la injini ya Kijapani, mwandishi wa makala haya hana chuki nalo. Wako waliolifanya na wakafaidika, hasa kwa dizeli. Hata hivyo, si njia ya mkato kama inavyodhaniwa. Mihimili ya injini itachomelewa upya, giaboksi ya zamani italetewa nguvu isiyoizoea, mabomba na nyaya zitabadilishwa, na namba ya injini katika kadi ya gari haitalingana tena na injini iliyopo mpaka mwenyewe aende Mamlaka ya Mapato kurekebisha. Nayo breki, ambayo ndiyo iliyolisimamisha gari hapo mwanzo, itakuwa ingali vile vile. Busara ni kwanza kujua kama injini iliyopo imekufa kweli.

Kadi nayo itafutwe mapema. Ikiwa mwenye gari yu hai kama mzee wetu, mambo ni mepesi. Ikiwa amefariki, hakuna mtoto awezaye kulihamisha gari kwa jina lake mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi, na ndugu wengi wamegombana kwa gari ambalo lilikuwa halina thamani mpaka siku mmoja wao alipoliwasha. Ile ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017, tozo ikahamishiwa katika mafuta. Lakini bima haikufutwa, wala ukaguzi wa askari wa usalama barabarani.

Baada ya karatasi, chesisi. Bodi ni ya alumini, lakini chesisi ya Land Rover ni ya chuma, tena ni sanduku refu lililo wazi ndani, na kutu huanzia humo ndani mahali ambapo tope lilinasa. Mtu alale chini yake na nyundo ndogo, agonge pole pole kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia. Chuma kilicholiwa hutoa sauti ya kopo. Hapa Singida ina upendeleo wake. Gari lililosimama Ilongero miaka 25 laweza kuwa na chesisi nzima kuliko lililosimama Tanga au Unguja miaka 10, kwa kuwa huku hakuna hewa ya chumvi. Lakini ukavu huo huo hukausha na kupasua kila kilicho cha raba, na mchwa hawana haya na viti wala mbao za nyuma. Kama chesisi imeoza kutoka ncha hadi ncha, kijana mkubwa atakuwa ameshinda hoja yake ya mabati, na asinuniwe.

Usiguse ufunguo

Tuseme chesisi ni nzima. Mama ameulizwa, magunia yametolewa, na kuku wamehamishwa pamoja na mayai yao. Yafaa kuwa na fimbo karibu wakati wa kuinua viti, kwa maana nyoka na nyigu nao hupenda nyumba yenye kivuli.

Wakati huu ndio wa hatari kubwa kuliko wote kwa injini. Ndani ya silinda, mafuta yaliyokuwa yakilainisha kuta yalikwisha teremka zamani. Ringi za pistoni ni kavu, pengine zimeshikamana na ukuta kwa utando mwembamba wa kutu. Valvu moja au mbili zimebaki wazi tangu siku gari lilipozimwa, na mashina yake yaweza kuwa yameganda. Mtu akileta betri na kuzungusha starta, au mbaya zaidi akilivuta gari kwa trekta likiwa ndani ya gia, kitu kitakatika: ringi itavunjika na kukwaruza silinda, au fimbo ya kusukumia valvu itapinda. Injini iliyokuwa ikihitaji vijiko viwili vya mafuta sasa itahitaji kushushwa.

Kwa hiyo betri ikae mbali. Plagi nne zifunguliwe, na katika kila tundu yamiminwe mafuta mepesi, vijiko viwili vya mchanganyiko wa dizeli na mafuta ya injini. Matundu yafunikwe kwa kitambaa, gari liachwe siku mbili au tatu, kisha mafuta yaongezwe. Hakuna kazi nyingine hapo ila kungoja, na ndiyo maana vijana waliopewa likizo ya siku tano huwa hawaiwezi.

Siku ya nne, mzee aulizwe hendeli iko wapi. Land Rover hizi zilikuja na hendeli ya kuzungushia injini kwa mkono kutoka mbele, na mzee atakuwa amekiweka chuma hicho mahali anapopajua yeye peke yake. Giaboksi ikiwa huru na plagi zikiwa bado zimetolewa, hendeli ijaribiwe kwa nguvu ya mkono mmoja, nusu mzunguko mbele, nusu nyuma. Ikikataa, mafuta yaongezwe na siku ziongezwe. Mkono wa binadamu husikia kizuizi na kusita. Starta na trekta havisiti. Injini ikizunguka mizunguko miwili mizima bila kugota popote, mzee ana haki ya kutabasamu.

Kifuniko cha juu kifunguliwe wakati huo huo, mtu mmoja azungushe hendeli na mwingine atazame kama valvu zote nane hupanda na kushuka. Ile inayobaki chini ipakwe mafuta na kugongwa taratibu kwa ubao, si kwa nyundo tupu. Nafasi ya valvu ipimwe; katika injini hii ni robo milimita kwa zote.

Mafuta ya zamani yamwagwe, chujio libadilishwe, na mafuta mapya yatiwe. Vivyo hivyo katika giaboksi na katika difu za mbele na nyuma. Mafuta yanayotoka yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yaliingia humo. Rejeta isafishwe, na mipira yake ibadilishwe hata kama inaonekana mizima. Kichujio cha hewa cha gari hili si cha karatasi; ni bakuli lenye mafuta yanayonasa vumbi, nalo aghalabu hukutwa na tope gumu au kiota cha panya. Katika vumbi la barabara za Singida, injini ikipumua bila bakuli hilo haitadumu.

Petroli iliyokaa miaka hiyo yote si petroli tena. Hugeuka gundi yenye harufu kali kama ya rangi iliyochacha, ikaziba kabureta na mabomba. Tangi literemshwe na kuoshwa. Hapa tusisitize jambo moja: tangi lenye tundu lisichomelewe kwa moto kwa sababu tu lilikauka miaka mingi iliyopita. Mvuke uliobaki ndani ya tangi tupu hulipuka vibaya kuliko petroli yenyewe, na mafundi wamekufa kwa njia hiyo. Pampu ya mafuta ya Land Rover hii ina kikombe kidogo cha kioo chini yake na kiwiko cha kupampu kwa mkono. Ni msaada mkubwa, maana fundi aweza kuona maji na uchafu kabla havijafika katika kabureta.

Wengine huuliza kama petroli ya sasa inafaa, kwa kuwa gari lilizaliwa zama za petroli yenye risasi. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliiacha petroli hiyo ifikapo mwaka 2006, na ilikuwa ni kwa heri, kwa sababu risasi ile ilidhuru ubongo wa watoto. Ile risasi ililinda pia makalio ya valvu. Kwa gari litakalotembea safari fupi kwa mwendo wa kiasi, hasara si kubwa. Nafasi ya valvu ikaguliwe mara kwa mara, basi.

Breki kwanza

Katika kazi nyingi za namna hii fedha huanzia katika injini, kwa sababu injini ndiyo yenye sauti. Breki huachwa mwisho, na mwisho ukifika mfuko u mtupu. Hapo ndipo utasikia: "Tutakwenda pole pole tu mpaka mwisho wa mwezi." Gari hilo lina uzito wa zaidi ya tani moja na nusu likiwa tupu. Pole pole yake katika mteremko, likiwa na wajukuu nyuma, si pole pole ya baiskeli.

Ndiyo maana twashauri kwamba fedha za kwanza, kabla ya betri na kabla ya rangi, zitoke kwa ajili ya breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na baada ya miaka 25 silinda ndogo zilizomo katika magurudumu huwa zimeshika kutu ndani na raba zake zimekuwa ngumu kama kwato. Magari mengi ya umri huu yana njia moja tu ya mafuta ya breki: bomba likipasuka katika gurudumu moja, breki za magurudumu yote manne zimekwenda. Kwa hiyo masta silinda mpya, silinda ndogo za magurudumu yote, mipira yote na bomba lolote lenye kutu vibadilishwe kwa pamoja. Kubadilisha masta silinda peke yake, kama mzee alivyokusudia miaka ile, leo hakutoshi. Msukumo mpya utaipasua raba ya zamani iliyo dhaifu kuliko zote.

Mafuta yatiwe yale yale ya breki. Singida ina alizeti tele, na zama za shida watu walijaribu kila kimiminika. Mafuta ya kupikia au ya injini huvimbisha raba za breki mpaka zikakwama, na maji ya sabuni huchemka na kuleta kutu. Tena, vumbi la rangi ya majivu litakalokutwa ndani ya ngoma za breki lisipulizwe kwa mdomo wala kwa upepo wa pampu. Viatu vya breki vya miaka ile vilikuwa na asbesto, ambayo huharibu mapafu taratibu. Vumbi hilo liloweshwe kwa maji, lipanguswe, na kitambaa kifukiwe. Watoto wasikae karibu.

Breki ya mkono ina siri ambayo imewashangaza mafundi vijana. Katika gari hili haishiki magurudumu. Hushika shafti inayotoka nyuma ya giaboksi. Ukipiga jeki gurudumu moja la nyuma, lile lililo hewani huweza kuzunguka na lile lililo chini nalo likazunguka kinyume, na gari likateremka kutoka juu ya jeki ingawa breki ya mkono imevutwa hadi mwisho. Mawe mawili makubwa, mbele na nyuma ya gurudumu lililo chini, ndiyo kinga. Wala mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Baada ya raba mpya hutolewa upepo katika mabomba, mmoja akikanyaga pedeli na mwingine akifungua nati kwenye gurudumu, kuanzia lililo mbali zaidi na masta silinda. Pedeli ikiwa ngumu na haizami mguu ukiwa umeikandamiza dakika nzima, kazi imekubali. Pedeli ya klachi ina mfumo wake wa mafuta, na mambo yake ni hayo hayo. Sahani ya klachi yenyewe pengine itakuwa imenata. Mara nyingi huachia yenyewe injini ikishapata joto.

Siku ya kuwasha

Sasa betri na ije. Kwanza nyaya zitazamwe, kwa sababu panya hula mipira yake na ule uliobaki hukatika kama kijiti. Mwenye toleo la kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 ahakikishe upande gani wa betri umeunganishwa na bodi. Mengi ya matoleo hayo yalifunga upande chanya, kinyume cha desturi ya leo. Pointi zilizomo katika distribyuta hufanya ukungu mweupe zikikaa, na gari likakataa kuwaka bila sababu inayoonekana. Zikwaruzwe kwa msasa laini, nafasi yake ipimwe milimita 0.35 hadi 0.4, na ya plagi karibu 0.8. Mpangilio wa moto ni silinda ya kwanza, ya tatu, ya nne, ya pili.

Plagi zikiwa bado nje, starta izungushwe kwa vipindi vifupi mpaka taa ya mafuta ya injini izimike. Hapo ndipo mtu ajuapo kwamba mafuta yamefika juu. Plagi zirudishwe, kabureta ijazwe kwa kile kiwiko cha mkono, ndoo ya mchanga iwekwe karibu, na gari liwe uwanjani, si ndani ya banda. Moshi wa buluu utatoka mwingi, ni yale mafuta ya vijiko viwili. Ukiisha baada ya dakika chache, ni heri. Moshi mweupe usiokoma huku maji yakipungua katika rejeta ni habari nyingine, na kwa kawaida ni gasketi ya juu. Injini isikanyagwe kwa furaha. Iachwe iunguruma kwa mwendo wa chini, na kila mtu atazame upande wake: mmoja taa ya mafuta, mmoja kipimo cha joto, mmoja chini ya gari.

Kwa mafundi, mtu wa Ilongero hana haja ya kwenda mbali. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973, na VETA, zote zina vituo mjini Singida, na nati au bomba lisilopatikana dukani laweza kuchongwa. Katika kuchagua fundi, apendelewe yule anayeuliza gari lilisimama kwa sababu gani. Anayeuliza betri iko wapi ashukuriwe, aagwe.

Tairi za zamani zisitumike barabarani hata kama meno yake ni marefu. Raba iliyokaa juani miaka mingi hupasuka ghafla ikipata joto. Hata zinazouzwa kama mpya zitazamwe ubavuni: tarakimu nne za mwisho hueleza juma na mwaka zilipotengenezwa.

Safari ya kwanza iwe ya asubuhi, fupi, isiyo na abiria wengi, pamoja na maji, spana na simu yenye chaji. Mzee akipenda kukaa kiti cha mbele hapana wa kumkataza. Baada ya kilometa 5 gari lisimamishwe, na dereva apite akigusa kitovu cha kila gurudumu kwa kiganja. Uvuguvugu si neno. Kitovu kimoja kikiwa cha moto kuliko vingine, breki yake imeng'ang'ania au beringi yake imekauka, na gari lirudi nyumbani likafunguliwe gurudumu hilo kabla ya kuendelea na njia ya Haydom. Mafuta ya injini yabadilishwe tena yakishatembea kilometa 500, kwa maana uchafu wa miaka yote ile utakuwa umeoshwa na kuteremkia humo.